Jinsi korongo letu lilivyoingia kwenye taarifa ya halmashauri

Anayekuambia "pigeni picha nyingi, serikali itaona" anakupotezea muda. Sisi tulipiga. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, wilaya ya Chamwino, na korongo letu limekula mashamba ya uwele ya watu ninaowafahamu mmoja mmoja. Picha zilikaa kwenye faili. Nilipofuatilia, mama afisa mazingira akaniuliza swali moja: "Katibu, mwaka jana ukingo ulikuwa wapi?"

Swali la haki kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka taarifa ya hali ya mazingira ya nchi itolewe kila baada ya miaka miwili. Ya kwanza ilitoka 2008, ya pili 2014, ya tatu 2019, hesabu mwenyewe. Lakini hata ikitoka kwa wakati, kijiji kisicho na tarakimu kitaandikwa nini humo? Hicho ndicho kilichoniuma.

Wazee wanaoikumbuka Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 na mifugo ikaja kuondolewa 1979, walitaka tuanze kwa kuondoa ng'ombe. Nikawaomba: wazee wangu, kwanza tupime.

Tulikusanya vipande vya nondo vilivyobaki kwenye ujenzi wa darasa, tukanunua rangi ya elfu kumi na kitu. Tukavigongomelea kuzunguka korongo, mita kumi kutoka ukingoni, kila kimoja na namba yake. Kutoka kwenye nondo unavuta tepu hadi ukingoni, unaandika. Haikupita muda, wakusanya vyuma chakavu wakang'oa karibu nusu. Watu wakasema kazi imekufa. Haikufa, kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa nimesisitiza, huku wenzangu wakinung'unika juani, kwamba kila nondo ipimwe pia umbali wake hadi kwenye mibuyu miwili ileile. Basi tulichukua tepu mbili, moja kila mbuyu, tukazivuta hadi vipimo vya daftarini vikakutana: nondo ilikuwa pale. Mara kadhaa tulikuta tundu lake lenyewe. Nondo mpya tukazizamisha hadi usawa wa ardhi na kuzifunika kwa jiwe. Mbuyu hauuzwi kwa kilo.

Masika yalipokwisha tukapima tena. Pembeni ukingo ulikuwa haujasogea hata shubiri. Kichwani, pale maji ya njia ya ng'ombe yanapotumbukia, ulikuwa umerudi nyuma zaidi ya mita tatu. Miaka yote tumekuwa tukipanga mawe pembeni! Tukahamishia nguvu kichwani, tukachimba mtaro wa kuyagawa maji kabla hayajafika.

Wilayani nilipeleka ukurasa mmoja: namba ya nondo, tarehe mbili, vipimo viwili. Usiandike insha. Mama afisa aliunakili mbele yangu, na kijiji chetu kina mstari wake kwenye jedwali la taarifa ya halmashauri. Nimeuona kwa macho yangu.

Sasa shuleni kuna kipima mvua, mwalimu anakisoma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa hali ya hewa. Hapa mvua ya mwaka mzima hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Korongo likitulia mwaka ujao, lazima tujue kama ni mtaro wetu au ni ukame tu.