Usiku wa kwanza Guangzhou: nilivyochagua pa kulala

Watu wengi wanaofuata mzigo China kwa mara ya kwanza wanauliza hoteli gani ni ya bei chee, mi nilivyopanga safari yangu ya Guangzhou niliuliza kingine kabisa, kwamba nikishuka kwenye ndege nimechoka, Kichina sijui hata cha kuombea maji, nani atanipokea bila kunizungusha? Ndio maana usiku wa kwanza niliutenga na siku zingine zote. Nilibuku usiku huo mmoja tu, zingine nikasema nitatafuta nikiwa huko huko, nimeshaona mtaa kwa macho yangu.

Mi nauza mikoba Kariakoo, na pale ukitaja tu neno safari kila mtu ana ushauri wake. Kaka mmoja tunayefahamiana, mzoefu wa China, akaniambia, "Dada, hoteli ya nini, kuna mshikaji wangu ana apatimenti mtaa wa Xiaobei hapo Guangzhou, utalala kwa hela ya mboga tu." Nikamshukuru ila nikamuuliza, sasa kaka yangu, huyo mshikaji atanipeleka polisi? Akacheka, akadhani natania. Kumbe sitanii. Sheria yao inayotumika tangu 2013 inasema mgeni akilala hotelini, hoteli ndio inamwandikisha polisi, lakini ukilala nyumbani kwa mtu basi ndani ya saa 24 inabidi wewe au mwenyeji wako mwende kujiandikisha. Sasa fikiria nimetoka safari ya usiku kucha, nimfukuzie mtu nisiyemjua anipeleke kituoni, na pengine hiyo apatimenti yenyewe mkataba una jina la mtu mwingine. Hapana kwa kweli, hiyo rahisi ingenitoka puani.

Nikabaki na hoteli, na hapo napo kuna mambo yake. Zamani hoteli nyingi ndogo zilikuwa zinakataa wageni wa nje, wanasema hawana kibali. 2024 serikali yao ikatoa tamko kwamba hoteli zisikatae wageni kwa sababu hiyo, sawa, lakini tamko halijui kutumia kompyuta, ukikutana na kijana wa zamu ambaye hajawahi kuingiza pasipoti ya kigeni kwenye mfumo wao utakaa pale kwenye kochi na mabegi yako mpaka bosi wake aamke. Kwa hiyo nilichukua hoteli iliyojaa rivyu za Waafrika na Waarabu, watu ambao najua walishapita pale na pasipoti kama yangu, halafu nikawatumia meseji kwenye apu, nimeitafsiri Kichina, kwamba mnapokea pasipoti ya Tanzania? Wakajibu ndiyo. Nikapiga skrinshoti.

Kuhusu mtaa nilifikiria sana. Kibiashara kwangu ilitakiwa Sanyuanli, maana masoko ya jumla ya mikoba na vitu vya ngozi yako huko. Ila nikasema mzigo unaanza kesho, leo nataka kula na kulala. Xiaobei ndio mtaa wa Waafrika, kuna vyakula vya halali, kuna watu wanaoongea Kiingereza na hata Kiswahili hukosi, yani ukikwama dukani au ukitaka kubadilisha hela hukosi wa kumuuliza. Hoteli za karibu na uwanja wa ndege ningezichukua kama ningekuwa natua saa sita usiku, kwa sababu metro, yani treni za mjini, inafunga kama saa tano hivi, lakini mimi nilikuwa natua mchana. Halafu nilikwepa tarehe za maonyesho ya biashara ya Canton, yale yaliyoanza 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kipindi hicho vyumba vinapanda bei mpaka unashangaa.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni dirisha. Sicheki jamani, hoteli za bei ya chini kule zina vyumba visivyo na dirisha kabisa na wanaviuza kwa bei tofauti, wameandika kabisa kwenye maelezo ya chumba ila kwa maandishi madogo. Picha za hoteli zinaonyesha pazia zuri refu limefungwa. Mi nikaenda kwenye picha za wageni, nikakuta mmoja kavuta lile pazia akapiga picha, nyuma yake ukuta mweupe na soketi moja basi. Na kule saa ziko mbele yetu kwa tano, saa sita ya usiku kwao mwili wako wa Dar unajua ni saa moja jioni, sasa ukilala kwenye boksi lisiloingia mwanga utaamka saa nane mchana umekosa siku ya soko. Nikaongeza kama yuani 40, hela ya China, nikapata chenye dirisha, jumla ikawa 260.

Usafiri wa kufika ndio ulionifanya nichape karatasi. Google na WhatsApp kule zimefungwa, ukitumia data ya kuroam kwa laini ya nyumbani zinafanya kazi ila bando linakatika kama utani, kwa hiyo sikutaka maisha yangu yategemee simu. Nilichapa jina la hoteli, anwani na namba ya simu ya mapokezi, vyote kwa herufi za Kichina, makubwa. Jina la Kiingereza lile unaloliona kwenye apu dereva halijui kabisa. Treni ipo, laini ya 3 inatoka uwanjani, unabadilisha kituo cha Jiahewanggang kuchukua laini ya 2, halafu stesheni kuu ya reli unachukua laini ya 5 mpaka Xiaobei, nauli ni yuani chache tu, lakini kupanda treni tatu na begi kubwa siku ya kwanza, mama we. Nikapanga foleni ya teksi rasmi, ikala yuani mia na kitu. Dereva alikuwa mzee, akaishika karatasi mbali na uso, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, tulipokaribia akapiga ile namba akaongea nao, tukakuta kijana amesimama nje.

Mapokezi walichukua pasipoti wakaiskani, nikapigwa picha, wakataka dipoziti yuani 200. Alipay, apu yao ya kulipia, nilikuwa nimeshaunganisha na kadi yangu ya benki tangu Dar, lakini nikalipa keshi, sikutaka kujaribu mitambo mbele ya foleni. Risiti ya dipoziti nikaiweka ndani ya pasipoti, maana bila hiyo kuirudisha hela ni maneno mengi. Chumbani ukishachomeka kadi ya mlango ukutani ndio taa zinawaka. Adapta nilikuwa nayo, soketi zao siyo hizi zetu za pini tatu nene. Nikashuka chini nikala tambi za nyama ya kondoo kwa wale Waislamu wa Kichina, sahani kubwa hata sikuimaliza, nikapanda nikalala.

Asubuhi nilitembea Sanyuanli, nikaingia hoteli kama nne hivi naomba kuona chumba kabla ya kulipa, wanakuonyesha tu hawana shida. Nikapata cha yuani 180 karibu kabisa na masoko. Pasipoti ikaskaniwa upya, maana ukihama hoteli unaandikishwa tena, hilo wanafanya wenyewe. Mabegi nikayafuata Xiaobei na kuyahamisha kwa metro, safari hii vituo viwili tu.