Siku Moja Maishani Mwangu: Msomaji wa Picha za Mapafu, Moshi

Saa moja na nusu asubuhi ninaanza na picha za usiku, kabla foleni ya eksirei haijajaa. Mbavu zilizovunjika kwenye ajali ya bodaboda, moyo uliotanuka, kisha mtoto wa miezi mitano ambaye mapafu yake yamejaa hewa kupita kiasi huku kipande cha juu cha pafu la kulia kikiwa kimesinyaa. Katika umri huo ninafikiria kwanza virusi, hasa RSV, kirusi kinachoshambulia njia za hewa za watoto wachanga, na ninaandika hivyo ili kipande kilichosinyaa kisichukuliwe moja kwa moja kuwa nimonia ya bakteria.

Saa nne inaingia picha ya CT ya tumbo. Kijana ana homa, anatapika, na maumivu yako chini upande wa kulia. Daktari wa upasuaji anashuku kidole tumbo. Nimekikuta chembamba, na mafuta yanayokizunguka hayana dosari. Hata hivyo, picha ya tumbo huanzia juu kidogo ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo hubeba pia sehemu ya chini ya mapafu, ambayo haikuulizwa na mtu. Nilipobadili mpangilio wa skrini ili mapafu yaonekane, palikuwa na ukungu mwepesi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, nyuma na pembezoni, pande zote mbili, na mishipa ya damu ikionekana ndani yake.

"Daktari, kidole tumbo ni kizima. Tatizo liko kwenye mapafu," nilimwambia kwa simu.

"Mbona hakohoi hata kidogo?"

Kutokukohoa hakuniondolei shaka, kwa kuwa tangu 2020 wameripotiwa wagonjwa wa UVIKO-19 walioanza kwa maumivu ya tumbo au kuharisha. Niliomba atengwe na apimwe PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, maana picha haikitaji kirusi kwa jina: homa ya mafua na adenovirusi huweza kuacha ukungu wa namna hiyo hiyo.

Mchana ni wali maharage, kwa haraka.

Saa nane analetwa mama mwenye kikohozi cha muda mrefu. Pafu lina duara lenye ukingo mzito na ukungu katikati, na daktari wa mafunzo kwa vitendo tayari amependekeza UVIKO-19. Ni kweli, duara hilo huweza kuonekana mapafu yanapojikarabati baada ya virusi. Lakini nilipolikuza, ukingo ulikuwa na vinundu vidogo vidogo, na vingine vilikuwa ndani ya ule ukungu. Vinundu hivyo vinanisukuma kwenye kifua kikuu, hivyo nimeomba makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Kuzoea virusi nako kunapofusha.

Saa kumi na moja jioni majibu ya kijana yanarudi: ni UVIKO-19. Kabla ya kutengwa alilazwa wodi ya upasuaji tangu alfajiri, kwa hiyo ninampigia muuguzi msimamizi ili tuorodheshe waliolala vitanda vya jirani.