Maji ya Kabalega na joto la mashimo meusi

Masindi, Jumapili usiku

Hesabu ya mwanafizikia Stephen Hawking ya mwaka 1974 inasema shimo jeusi, kitu cha angani chenye mvutano ambao hata mwanga hauutoroki, hutoa joto hafifu. Kulipima ndiyo kazi: shimo lenye uzito wa Jua letu lina takriban kelvini 0.00000006 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia baridi ya mwisho kabisa), ilhali anga lenyewe lina kelvini 2.7. Joto hilo humezwa lote.

Mwanafizikia William Unruh akapita njia nyingine mwaka 1981: kuiga shimo jeusi kwa kimiminika. Kimiminika kikikimbia kuliko sauti iliyomo ndani yake, sauti hiyo haiwezi tena kupanda mkondo. Pale kasi mbili zinapolingana ndipo ulipo upeo, mpaka usio na kurudi, na milinganyo yake inafanana na ile ya mawimbi karibu na shimo jeusi.

Wiki hii nilisimama juu ya maporomoko ya Kabalega (Murchison), hapa Uganda, Nile inapobanwa katika ufa wa mita 7 hivi. Nilifuata kwa macho fungu la magugu maji. Lilizunguka, likarudi nyuma kidogo, likasita, kisha likachukuliwa moja kwa moja. Juu ya maji hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha mahali lilipopoteza hiari.

Kule Haifa, Israeli, mwanafizikia Jeff Steinhauer alitumia kama kimiminika maelfu ya atomu za rubidi zilizopozwa karibu na sifuri halisi, yaani kelvini 0. Mwaka 2016 alitangaza kuona jozi za mitetemo ya sauti, mmoja ukitoroka na mwenzake ukizama, zikiwa zimefungamana kikwanta, yaani hali ya mmoja haitenganishwi na ya mwenzake. Mwaka 2019 kundi lake likaripoti joto linalolingana na utabiri.

Kinachonisisimua zaidi ni hiki. Hesabu ya Hawking, ukiirudisha nyuma, inadai mawimbi mafupi mno, mahali ambapo fizikia tunayoijua haifiki. Katika kimiminika tunajua kilichopo huko chini: atomu. Sauti ya kawaida inakoma hapo, na bado joto linatoka! Kwa hiyo mnururisho, yaani joto hilo linalotoka, unaelekea kuwa mali ya upeo wenyewe, si ya vitu vidogo vilivyo chini yake. Haithibitishi kwamba mashimo ya angani yanafanya vivyo hivyo, maana mvutano unaweza kuwa na mambo yake. Lakini anayesema “hayo ni maji tu” nitabishana naye hadi usiku.

Muhula ujao nataka vijana wangu wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, watengeneze mfereji wenye kizuizi chini, kama tangi lililotumika Vancouver katika jaribio la mwaka 2011. Viwimbi vinavyopanda mkondo hufupika, hufupika tena, halafu hukwama.