Mafiga ya Mende na Beseni la Mawese

Kigoma, Jumapili usiku

Wiki hii nimekiri mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwamba jambo nililowafundisha wenzao kwa miaka mingi kuhusu mwendo wa wadudu lilikuwa na kasoro, na kwa kuwa tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria, naliandika hapa kabla halijapoa.

Kila nilipofika kwenye somo la wadudu nilikuwa nikichora mende ubaoni akiwa amekanyagia miguu mitatu, yaani wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja pamoja na wa katikati wa upande wa pili, huku mitatu iliyobaki ikiwa hewani inasogea mbele. Niliuita mwendo wa mafiga, maana mtoto yeyote aliyewahi kuinjika chungu anajua kwamba mafiga matatu hayayumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika sentensi niliyopenda kuongeza mwishoni, kwamba wadudu hutembea hivyo kwa sababu hakuna njia ya kasi zaidi kwa kiumbe mwenye miguu sita. Jumanne binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akauliza: "Samahani mwalimu, ni nani aliyemtembeza mende kwa mwendo mwingine akaona kwamba ni wa polepole?"

Swali hilo lilinikaa moyoni kwa sababu lina haki yake kamili. Mende hapokei amri. Huwezi kumwambia leo kanyagia miguu miwili miwili, kesho mitatu, ili tupime. Atakwenda kama alivyozoea, na wewe utabaki kusifu mazoea yake ukidhani ndiyo yaliyo bora. Hapo ndipo roboti inapokuwa na kazi ambayo mdudu mwenyewe hawezi kutufanyia, kwa kuwa roboti hukubali kutembea hata kwa mwendo ambao hakuna mdudu aliyewahi kuutumia.

Usiku ule nilisoma kazi iliyotolewa mwaka 2017 na Pavan Ramdya na wenzake wa Lausanne, Uswisi. Walianza na inzi wa matunda, vile vijinzi vinavyozengea ndizi zilizoiva sana, wakaunda mfano wake kwenye kompyuta, kisha wakaiacha kompyuta itafute yenyewe mpangilio wa miguu unaompeleka mdudu mbali zaidi kwa muda uleule. Mdudu huyo wa kompyuta alipopewa nyayo zinazonata na kutakiwa kupanda ukuta, mwendo wa mafiga ulijitokeza wenyewe. Alipowekwa mahali tambarare na kunyang'anywa kunata, ukajitokeza mwendo wa kukanyagia miguu miwili kwa wakati mmoja, nao ukawa wa kasi zaidi. Wakaitembeza roboti ya miguu sita sakafuni kwa miendo yote miwili, na roboti nayo ikatoa jibu lilelile.

Sehemu ninayoistahi zaidi ni ile iliyofuata, kwa maana hawakuridhika na neno la mashine. Walirudi kwa vijinzi hai, wakaviwekea matone madogo ya polima kwenye ncha za miguu, mfano wa viatu, ili nyayo zisinate tena. Vijinzi hivyo vikabadili mwendo, vikaanza kukanyaga kwa namna inayokaribia ile ya miguu miwili miwili. Kwa hiyo mafiga yana sababu yake, lakini sababu yenyewe ni kupanda: anayeishi kwenye kuta, majani na matunda yanayoning'inia anahitaji kushikilia mahali pake wakati wote, ilhali sisi walimu tulikuwa tukimpima kana kwamba anaishi kwenye sakafu ya saruji.

Jana usiku nilikaa jikoni na simu, nikarekodi mende wakipita sakafuni na wengine wakipanda ukuta, kisha nikazitazama picha zile kwa mwendo wa polepole hadi macho yakachoka. Wote walikwenda kwa mafiga, juu na chini. Ukutani niliona jambo dogo ambalo sikuwahi kulitambua, kwamba mguu wa mbele ulipokuwa unaachia lipu, wenzake watatu walikuwa tayari wamekwisha kukamata, na mwili haukushuka hata kidogo.

Kuhusu mabawa sikuwa na kosa la kukiri, ila nilikuwa na pengo: sikuweza kueleza nguvu inayomwinua mdudu hewani inatoka wapi. Kijinzi hupiga mabawa mara 200 hivi kwa sekunde, na kila bawa lina urefu wa milimita chache tu. Nani angeweza kufunga kipimo hapo? Michael Dickinson na wenzake wa Berkeley, Marekani, waliligeuza tatizo lenyewe. Waliunda bawa la sentimita 25, takriban mara mia ya lile la kijinzi, wakalizamisha ndani ya tangi la mafuta mazito na kulipiga taratibu sana. Kwa kiumbe mdogo namna ile hewa si kitu chepesi kama tunavyoihisi sisi, na bawa kubwa linalokwenda polepole ndani ya mafuta husukumana na mafuta hayo kwa uwiano uleule ambao bawa dogo linalokwenda kasi husukumana na hewa. Shinani mwa bawa waliweka sensa za kupima nguvu. Mwaka 1999 wakaeleza walichokiona: nguvu ya kuinua haitoki kwenye kupiga peke yake, bali pia kwenye kuligeuza bawa mwishoni mwa kila pigo, na bawa linaporudi hupata nguvu nyingine kutoka kwenye msukosuko liliouacha lenyewe. Likigeuzwa mapema kidogo kabla ya kurudi, nguvu ya kuinua huongezeka, likichelewa, hupungua.

Niliposoma neno kugeuza nilikumbuka mwalo wa Kibirizi. Miaka mingi iliyopita, baada ya kumwamkia shikamoo, mvuvi mmoja mzee alinipokonya kasia kwa upole akaniambia: "Mwalimu, kasia halivutwi tu. Linageuzwa kabla mkono haujafika mwisho." Sidai kwamba alikuwa akieleza mabawa ya inzi. Nasema tu kwamba mkono wangu ulielewa maelezo ya Dickinson kabla ya akili.

Basi leo mchana nimejaribu. Mke wangu alinipa lita tano za mawese kwa sharti kwamba hayatarudi jikoni, nikayapasha moto kidogo yawe maji, nikayamimina kwenye beseni pana. Nilichonga kibao chembamba chenye umbo la bawa, nikakipitisha ndani ya mafuta kwa mshazari, kwenda na kurudi. Mawese ni mekundu na hayaonyeshi kilichomo ndani, kwa hiyo nikanyunyiza pumba za mpunga juu yake. Mara tatu za kwanza sikuona chochote cha maana. Mara ya nne nilikiachia kibao kisogee polepole zaidi, na nyuma ya ukingo wake wa mbele pumba zikaanza kujikunja, zikazunguka mahali pamoja kama ushungi unaoviringwa kidoleni, na mzunguko ule ukasafiri pamoja na kibao bila kubanduka. Mwaka 1996 Charles Ellington na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliona kwa moshi mzunguko wa namna hiyo juu ya mabawa makubwa ya mashine yaliyoiga yale ya mdudu nondo, wakaonyesha kwamba huo ndio unaomsaidia mdudu kubaki hewani. Beseni langu si kipimo na halithibitishi lolote, lakini nimeliona umbo lile kwa macho yangu, na nilibaki nimeinama pale mpaka mgongo ukauma.

Roboti za wadudu zinazotangazwa mara nyingi ni zile zinazotarajiwa kutafuta watu chini ya vifusi, na nazitakia heri. Mimi ninavutwa na hizi zisizokwenda popote, bawa lililofungwa tangini na miguu inayojaribiwa sakafuni, zilizoundwa ili mtu aweze kumuuliza inzi swali na kupata jibu.

Sasa ni saa nne usiku na mawese yameanza kuwa mazito kandokando ya beseni. Kesho nitayapasha moto tena kabla ya kipindi cha pili, na kibao atakishika yule binti wa dawati la mbele.