Jalada Lisilo na Tarehe

Jana usiku nilitoa kabatini albamu zangu za mkusanyiko wa muziki wa swingi, ile jazi ya kucheza ya bendi kubwa za miaka ya 1930 na 1940, nikazisikiliza moja baada ya nyingine, nikijiuliza kwa nini "One O'Clock Jump" ya Count Basie, iliyorekodiwa mwaka 1937, hunichangamsha katika albamu moja na kunichosha katika nyingine ilhali ni rekodi ileile.

Jibu nililipata kwenye matoazi. Santuri za zama zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zina mkwaruzo usiokwisha, na baadhi ya watayarishaji huufuta kwa pupa hata sauti zote nyembamba zikaondoka nao. Bendi ya Basie ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa uhai wake umo katika matoazi ya Jo Jones, gitaa la Freddie Green na besi ya Walter Page. Hayo yakififia, husalia tarumbeta zinazolia kana kwamba zimefunikwa blanketi. Mkwaruzo mimi naustahimili, kama mtu anavyostahimili mvua juu ya bati akiwa katika mazungumzo matamu.

Linaloniudhi hasa ni jingine. Niliwahi kununua albamu yenye picha ya Glenn Miller, kiongozi mwingine wa bendi ya swingi, nikaufurahia usafi wa sauti yake, stirio safi kabisa, mpaka nilipokumbuka kwamba Miller alipotea na ndege Desemba 1944, zaidi ya miaka 10 kabla ya santuri za stirio kuingia madukani. Nilipoligeuza jalada nikakuta, kwa herufi za kuhitaji miwani, kwamba nyimbo zote zilipigwa upya na bendi nyingine. Walipiga vizuri, sikatai, ila si wao niliowalipia.

Albamu ninayoipenda kuliko zote haina hata picha. Imepanga nyimbo kwa tarehe za kurekodiwa na kumtaja kila mpigaji, na ndiyo iliyonijulisha kwamba tarumbeta inayonisisimua katika "Take the 'A' Train" ya Duke Ellington, ya Februari 1941, ni ya Ray Nance, na kwamba mtunzi ni Billy Strayhorn, si Ellington kama nilivyodhani kwa miaka mingi.

Ile ya Miller sikuitupa. Nimeirudisha kabatini, baada ya kuandika kwa penseli chini ya picha: "Siye."