Nikifuata Tuta la Reli ya Sigi

Jumamosi asubuhi nilipanda basi kutoka Tanga mjini hadi Muheza, kisha bodaboda ikanifikisha Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Nyumba ya mkuu wa stesheni waliyoijenga Wajerumani imekarabatiwa na sasa hupokea wageni, lakini reli yenyewe haipo. Ilikuwa njia nyembamba ya milimita 750 kati ya chuma na chuma, wakati reli kuu ya Usambara, itokayo Tanga, ina mita moja, nayo ilijengwa kati ya 1904 na 1910 kutoka Tengeni, umbali wa kilomita kama 23, ili kuteremsha magogo na mbao za Usambara Mashariki hadi kwenye reli kuu na hatimaye bandarini Tanga.

Mzee mmoja wa kijiji jirani, baada ya kumwamkia na kumweleza haja yangu, alikubali kunitembeza kuelekea chini ya bonde.

"Mwanangu, chuma kiling'olewa zamani," aliniambia. "Wewe tafuta njia isiyo na mteremko mkali."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko ramani niliyobeba. Njia za miguu za milima hii hukata kilima wima, ilhali tuta la reli huambaa ubavuni mwake na kushuka taratibu sana, hata pale lilipofunikwa na magugu na miche ya iliki. Baada ya saa moja nilianza kulitambua kwa magoti kabla ya macho. Mahali pengine kilima kilikuwa kikali mno, na hapo wajenzi walitumia zigizaga: garimoshi liliingia hadi mwisho wa tawi moja la reli, swichi ikageuzwa, kisha likaendelea na tawi la pili kinyumenyume. Nilisimama kwa muda mrefu kando ya mwamba uliokatwa, nikiwawaza walioukata, kwani sikuona kibao chochote chenye jina hata la mmoja wao. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Tulipumzika kando ya Mto Zigi, ambao maji yake hukingwa katika bwawa la Mabayani na kufika mabombani kwetu mjini. Tukanawa nyuso, tukarudi Sigi kwa tuta lile lile, tukipanda bila kuhema.