Siku nilipoelewa kilichompata mdogo wangu

Nilikua form five PCB (fizikia, kemia na bailojia), kipindi cha bailojia kimewekwa baada ya msosi wa mchana, nusu ya darasa inasinzia. Mwalimu akaona tunaondoka na usingizi akaacha kiingereza akaanza kutuelezea kwa kiswahili mitokondria, vile vijumba vya ndani ya seli vinavyotoa nguvu kwenye chakula. Akachora kama punje ya maharage yenye kuta mbili, ya nje laini, ya ndani imejikunjakunja, akasema chukueni shuka la sita kwa sita mlisokomeze kwenye foronya, ndo ilivyo, maana kazi yenyewe inafanyika kwenye huo ukuta wa ndani kwahiyo lazima uwe mkubwa.

Elektroni za chakula, vichembe vidogo vyenye chaji hasi, zinapokezanwa na protini zilizojipanga pale ukutani, na huku zinapita protoni, vichembe vyenye chaji chanya, zinasukumwa kwenye kauwazi kembamba katikati ya kuta, zinajazana, halafu zinarudi ndani kwa kupitia kimeng'enya kinachozunguka kweli kabisa kama pangaboi, na huko kuzunguka ndo kunatengeneza ATP, ile nishati ambayo seli inaitumia. Mwisho wa mstari oksijeni inazipokea elektroni yanatoka maji. Glukosi moja inatoa ATP kama 30, bila oksijeni unabaki na 2 tu.

Halafu akasema sumu ya sayanaidi inakaa kwenye protini ya mwisho, palepale oksijeni inapopokelea, foleni yote inasimama. Akataja muhogo mchungu, kwamba unatoa sumu hiyohiyo.

Usingizi uliniisha. Mdogo wangu alikua na miaka sita, tuko kwa bibi, akachimba muhogo akautafuna mbichi, jioni anatapika, kizunguzungu, anahema mbiombio, na mimi nampepea na khanga nikijua amekosa hewa mpaka baba akampakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati. Akapona, namshukuru Mungu. Ila miaka yote ile sikujua kwamba hewa alikua nayo, damu yake imebeba oksijeni vizuri tu, seli ndo zilikua haziwezi kuitumia.

Kengele ikalia nikamfata mwalimu nje, nikamuuliza sasa mbona bibi akiuloweka siku tatu tunakula hatuumwi? Akaniambia ukilowekwa unalainika, sumu inaachiwa, nyingine inaondoka na maji nyingine inapotea hewani ukianikwa.

Likizo nilimkuta bibi anaanika. Nikakaa chini nikaanza kumsimulia kuanzia ile shuka kwenye foronya, akanisikiliza mpaka mwisho huku anageuza muhogo wake, akasema, "Sasa mjukuu wangu, kamfundishe na mdogo wako."